Fundo Lililokimbia Kidole

Mafuta yalikataa kuenea. Mama Vidole aliyamimina mgongoni mwa mshonaji, yakajikusanya pale pale, na ngozi ilikuwa ya baridi wakati nje ni saa nane na jua linawaka. Mwingine angefunga kibanda akaenda zake. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wakandaji nao hawajapona ugonjwa huo.

"Wote wameshindwa," mshonaji alinong'ona, kalala kifudifudi. "Wanasema wewe tu ndiye utaliweza fundo hili."

Sifa hiyo ikamtosha. Shangazi yake alimfundisha kazi kwa masharti: kabla ya kugusa mgongo, uliza kama mtu ana homa, kama ameanguka, kama miguu inakufa ganzi. Kisha chua nyama ya pembeni, polepole, maumivu yalegee na usingizi uje. Uti wenyewe usiukandamize kamwe. Siku hiyo hakuuliza hata swali moja.

Alilikuta fundo chini ya bega, dogo kama kokwa. Alipolibana, likahama.

"Utachoka wewe," akaliambia, akicheka.

Akalikimbiza pingili kwa pingili mpaka kiunoni, akalikandamiza juu ya mfupa kwa kiganja chote. Kitu kikapumua chini ya ngozi. Kibanda kikanuka udongo wa kaburi jipya. Mshonaji akainuka mzima, akashukuru, akaondoka amenyooka. Mama Vidole alibaki anatazama kiganja chake, maana fundo lilikuwa humo, linatembea.

Mganga aliyemwendea hakutaka hata kumshika mkono.

"Ni jini la mifupani, na umelifungulia mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Kaa siku saba bila kumgusa mtu, litatoka kwa njaa. Ukikanda mgongo, litahamia huko."

"Binti yangu ana mimba ya miezi minane. Kila mchana namchua kiuno."

"Huyo hasa usimguse."

Mama Vidole akaifunga mikono yake kwa kanga. Binti alilia kiuno, akaomba, akanuna, akamwambia mama yake ana roho ngumu. Mama alivumilia, na moyo ulimuuma kweli kweli.

Siku ya sita, mchana, usingizi ukamchukua kwenye mkeka kando ya binti yake, na kilichomwamsha ni sauti ya binti ikisema taratibu, "Asante mama, hapo hapo," akafumbua macho akaiona kanga imekunjwa vizuri sakafuni, na mikono yake miwili ikifanya kazi bila yeye, madole gumba yakiwa juu ya uti wenyewe, na fundo limekwisha kuingia, linapita ubavuni, linazunguka, linaelekea mbele kwenye tumbo.

"Mama, mbona mtoto ameacha kucheza?"

Mama Vidole alilaza kiganja mbele ya lile fundo, pamebaki nafasi ya vidole vinne kulifikia tumbo, akakandamiza ubavu mpaka binti akapiga ukelele.

"Rudi kwangu," alinong'ona. "Sitakufukuza tena. Kaa nami mpaka nife."

Likasimama. Likafikiri, nadhani, maana majini nayo hupiga hesabu zao. Kisha likarudi mkononi.

Mjukuu ana mwaka sasa, anatembea, mzima wa afya. Kila asubuhi humkimbilia bibi yake akiwa amenyoosha mikono abebwe, na kila asubuhi bibi huficha ya kwake nyuma ya mgongo, akarudi hatua moja.