Vichupa Viwili vya Mate

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa pili, saa nne kasorobo asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu ilikuwa ukutani nyuma ya kichwa cha daktari, nami nilikuwa naitazama ili nisimtazame yeye.

Asubuhi yenyewe ilianza kama nyingine zote. Binti yangu, mwenye miaka kumi na miwili, aliamka wa kwanza akawasha jiko la mkaa palepale chumbani, akatenga chai. Jina lake la shuleni lipo, lakini halitumiki. Watu wanamwita Upepo, maana tangu darasa la pili hajapitwa kwenye mbio, si na wasichana, si na wavulana. Mdogo wake wa kiume ana miaka tisa, naye anaitwa Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho. Kitinda hukohoa. Kila akiamka hukohoa mara nne tano, kisha husema, "Tayari, injini imewaka," na dada yake hucheka.

Mimi nilivuta sigara yangu ya kwanza nikiwa nimeegemea mlango, moshi nusu nje, nusu ndani. Nikachukua mkoba wangu wa kazi. Mimi ni fundi viatu, na mkoba huo siuachi, hata msibani nimewahi kwenda nao.

"Leo shule hakuna," niliwaambia. "Tumeitwa na wakubwa."

"Wakubwa gani, baba?" Kitinda aliuliza.

"Wa hospitali. Mkubwa ni mkubwa tu, mwanangu. Anakuita wewe uende, ukimwita wewe haji."

Sikusema hivyo kwa mzaha. Mama yao alifagia chini ya mashine katika kiwanda cha kuchambua pamba kwa miaka kumi na moja. Jioni alirudi na nyusi nyeupe za vumbi, watoto wakimtania, "Karibu, bibi." Mwaka wa saba akaanza kukohoa. Aliomba barakoa, msimamizi akamwambia ajifunge kitambaa. Aliomba kuhamishiwa getini, wakamwambia asubiri. Alisubiri. Alifariki akiwa na miaka thelathini na minane, na katika maisha yake hakuwahi kutia sigara mdomoni. Meneja alikuja kwenye mazishi, akasimama pembeni asichafue viatu vyake, akaniambia, "Pole sana. Pengine ni ugonjwa wa ukoo wenu."

Kwa hiyo nesi mmoja wa utafiti wa hospitali alipokuja nyumbani mwaka mmoja baadaye, akasema wanachunguza magonjwa sugu ya mapafu yanayorithiwa katika familia, nilimwonyesha njia aliyojia.

"Rudi ukamwambie meneja wako kwamba ukoo wetu haujambo," nilimwambia.

"Baba Upepo, sisi hatumjui meneja wako," alinijibu kwa utulivu. "Tunataka kujua kwa nini watu kumi huvuta hewa ileile, tisa wakapona na mmoja akafa. Tukijua, mtoto anaweza kukingwa mapema. Huna watoto wewe?"

Hapo alinishika pabaya. Niliweka sahihi. Alituachia vichupa viwili vya plastiki, kimoja kimeandikwa "mtoto wa kwanza", cha pili "mtoto wa pili". Kila mtoto ateme mate kwenye kichupa chake asubuhi kabla ya kula. Yeye angepita kesho yake kuvichukua. Asubuhi ya kutema mate nilikwenda kazini mapema, nikamwachia Upepo shughuli yote. Nilimwamini, maana ndiye aliyekuwa akiiendesha nyumba.

Sasa, Jumanne ile, tulikuwa mbele ya daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mguu mmoja.

"Damu ya mama yao tulikuwa nayo hospitali," alianza. "Ilikuwa na upungufu fulani ambao mtu huzaliwa nao." Akatazama mkoba wangu. "Wewe ni fundi viatu?"

"Niliambiwa nije. Sikuambiwa niache kazi."

Alitabasamu kidogo. "Basi nitakueleza kwa viatu. Mwili una kinga yake ya mapafu. Chukulia kwamba kila mtoto huzaliwa na pea ya viatu vya kuyakinga mapafu yake. Kimoja hupewa na mama, kimoja na baba. Kimoja kikitoboka, bado atatembea vizuri. Vikitoboka vyote viwili, hatakufa kwa hilo peke yake, lakini kila mwiba utamchoma. Miiba yenyewe ni moshi, sigara, vumbi. Mkeo alikuwa na pea iliyotoboka yote."

"Na watoto?"

Alifunua karatasi mbili akaziweka pamoja. "Kwa majibu haya, wote wawili. Kimoja kimetoka kwa mama, kingine kwako."

Nilitazama ile saa. Kumbe miaka yote nimekuwa nikinyooshea watu kidole, sasa naambiwa na mimi nimo.

"Kwa hiyo mkosaji ni mimi," nilisema.

"Kurithisha si kosa, baba. Hukuchagua."

"Hayo ndiyo maneno yenu mkitaka mtu atoke ofisini."

Kitinda alikuwa akitazama viatu vyake halisi, kana kwamba atayaona matundu. Upepo ndiye aliyeuliza swali. "Daktari, mtu aliyetoboka vyote anaweza kukimbia?"

"Akiwa mdogo, anaweza sana. Anaweza hata asijue kama ana upungufu huo."

Nilidhani alikuwa akimuulizia mdogo wake.

Siku zilizofuata nyumba ilipoa. Kitinda aliuchukua mpira wake, ule wa ngozi niliomshonea mwenyewe, akampa mtoto wa jirani. Akawa anatembea polepole, mikono nyuma, kama mzee anayekagua ujenzi.

"Mbona hivyo?" nilimuuliza.

"Napumzisha injini, baba. Mama si alikuwa anakimbiakimbia, ikaisha?"

Niligeuza uso nikajifanya natafuta gundi. Upepo alisimama pale na ndoo ya maji mkononi, akasikia yote. Maji yalikuwa yanamwagika miguuni na yeye hana habari.

Jumamosi asubuhi alinifuata kazini. Nilikuwa nagonga soli ya kiatu cha mwalimu. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akashika kiatu kimoja akawa anakigeuzageuza.

"Baba, ukinipiga nipige ukimaliza kusikia," alisema.

"Nimewahi kukupiga mimi?"

"Hapana. Lakini hujasikia hili." Akavuta pumzi. "Yale mate ni yangu. Vichupa vyote viwili. Kitinda sikumwamsha."

Niliweka nyundo chini. "Kwa nini?"

"Siku nesi alipoleta vichupa, ulimwambia jirani pale nje ya ukuta wetu. Ulisema, 'Huyu mdogo akikutwa na ugonjwa wa mama yake, mnizike siku hiyohiyo.' Nilisikia. Kitinda anakohoa, mimi sikohoi. Nikasema mate yangu ni mazima, nayaweka kwake, hakuna atakayekutwa na kitu, na wewe hutakufa."

Nakiri kwamba kwanza nilifurahi. Nilicheka kabisa, mteja mmoja akageuka. Mwanangu wa kiume si mgonjwa. Karatasi ni ya uongo. Kisha kicheko kikakatika, maana karatasi zilikuwa mbili, na mate yalikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amekaa mbele yangu akiwa ameshika kiatu cha mwalimu.

Aliona nimeelewa. "Mimi nilijua palepale kwa daktari," alisema. "Mwenye viatu vilivyotoboka ni mimi. Yeye hajapimwa."

"Umekaa na jambo hili siku nne?"

"Nilikuwa naogopa. Nikisema, mimi ndiye nitakuwa mgonjwa. Lakini jana Kitinda amekataa hata kuruka mfereji. Mfereji ule mdogo, baba. Amezunguka."

Nilimvuta nikamweka kando yangu. Sikumpiga wala sikumsifu. Nilivuta pakiti ya sigara mfukoni kwa mazoea, nikaitazama, nikaitumbukiza kwenye debe la maji ninalolowekea ngozi. Upepo alisema, "Utaharibu ngozi ya watu." Nikamwambia anyamaze, na wote wawili tukacheka kidogo, kicheko cha watu waliolia.

Jumatatu tulikwenda hospitali. Nilijiandaa kwa matusi. Nilijua nitaambiwa familia ya fundi viatu imeharibu kazi ya wasomi. Upepo alisimama akaeleza mwenyewe, neno kwa neno, hata lile la mimi kuzikwa. Nesi aliyetuletea vichupa alishika kiuno.

"Mama wee, kumbe mficha maradhi kifo humuumbua," alisema.

"Na wanaoyaficha ya kiwandani," nilimjibu, "kifo kimemuumbua nani?"

Daktari aliinua mkono tunyamaze. Alivua miwani. "Binti, umefanya kosa," alisema. "Tungemwambia mdogo wako uongo maisha yake yote. Na utafiti huu una familia mia mbili. Kichupa kimoja cha uongo kinaweza kupotosha majibu ya watoto ambao hutawaona kamwe." Akanigeukia mimi. "Lakini na sisi tumekosa. Tuliacha vichupa nyumbani bila mtu wa kusimamia. Halafu tulitafuta ule upungufu peke yake, hatukuhakikisha mate ni ya nani. Kosa hilo ni letu, nami nawaomba radhi."

Nina miaka hamsini na moja. Nimewasikiliza wasimamizi, mameneja, makarani na wenyeviti. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye meza kuniambia mimi, "Kosa ni letu." Nilijua namna ya kujibu matusi. Kwa hilo nikabaki naufunga na kuufungua mkanda wa mkoba.

Kitinda alitema mate mbele ya watu watatu. "Yanatosha, au niongeze?" aliuliza. Nesi akamwambia anatoa sampuli, hamwagilii bustani.

Majibu yalichukua wiki tano. Kitinda alikuwa na kiatu kimoja kilichotoboka, kile cha mama yake, na kimoja kizima. Kikohozi chake, daktari alisema, kilikuwa cha moshi. Aliniuliza nani anavuta sigara nyumbani na jiko linawashwa wapi. Nilimjibu ukweli, maana ningeona haya kusema uongo mbele ya binti yangu baada ya yale aliyoyasema. Upepo alikuwa na pea iliyotoboka yote, kama mama yake. Alipimwa pumzi kwenye mashine, akapuliza mpaka macho yakamtoka, na namba zikatoka nzuri kuliko za nesi mwenyewe.

"Mapafu yako bado hayajaguswa," daktari alimwambia. "Tumejua mapema, na huo ndio utajiri wako. Mama yako hakuupata. Kimbia. Usikae penye moshi wala vumbi. Kila miezi mitatu njoo upulize hapa. Na sikiliza, nanyi nyote msikilize. Ukweli haukumpa binti huyu upungufu. Upungufu alizaliwa nao. Ukweli umempa nafasi ya kujikinga, na umemrudishia mdogo wake mpira. Mtu anayeficha jambo kwa ajili ya mapenzi bado anaficha, na anayempenda ndiye anayeumia kwanza."

Jiko sasa linawashwa nje, na mvua ikinyesha tunalala na chai baridi. Sigara sijagusa tangu Jumamosi ile. Kitinda alikwenda kudai mpira wake kwa jirani, wakapigana kidogo, akaupata. Injini yake huwaka kimyakimya siku hizi, hata anasikitika kwamba hana cha kuchekeshea watu asubuhi.

Juzi tulikwenda kwa kipimo cha pili. Upepo alipuliza, akaandikiwa namba yake, akakaa. Nilimuuliza daktari jambo ambalo limenikaa moyoni. Mke wangu alizaliwa na viatu vilivyotoboka, sawa, nimekubali. Je, kule kiwandani alikopitishwa juu ya miiba miaka kumi na moja, vumbi limewahi kupimwa?

Daktari alifungua droo, akanionyesha nakala za barua tatu. "Kifaa cha kupima vumbi tunacho. Nimeomba ruhusa ya kuingia mara tatu. Hawajajibu."

"Wanawake wanafagia mle mpaka leo," nilisema.

"Najua."

Upepo alikuwa ananisikiliza huku akifunga kamba za viatu vyake vya mbio. Hakuinua kichwa.

"Daktari," alisema, "mimi nilisimama hapa nikasema yale mate ni yangu. Na wewe ukasema kosa la vichupa ni lenu. Sasa lile vumbi alilovuta mama, nani atasimama aseme ni lake?"

Nesi alitazama dirishani. Daktari alishika kalamu, akaiweka. Mimi nilimtazama binti yangu, nikasubiri pamoja naye.