Upendo Usiodai

Tegeni masikio, enyi walimwengu! Leo nafafanua neno zito la Wagiriki wa kale, neno ambalo wenye hekima walilisotea hadi ndevu zikaota mvi. Mimi nimelikuta kwenye kikombe.

Kikombe chenyewe kilikuwa mezani kwa fundi wa kuchonga maandishi, sokoni, siku ya watu kukanyagana. Aliyekileta ni muuguzi mwenye kitambaa cha zambarau kichwani, raba zake zikilia kwa maji ya mvua.

"Niandikie *agape*. Zawadi ya mkuu wetu wa wodi, anastaafu."

"Ndilo jina lake?"

"La shangazi yako! Ni Kigiriki, fundi. Upendo unaotoa bila kudai kitu."

"Basi wewe nitakudai bei kamili."

Muuguzi akacheka. Kicheko kikazaa simu, simu zikazaa "umekula, kipenzi?", na mvua hazijakatika, wawili hao walikuwa chini ya mwavuli mmoja, kila mtu bega moja limelowa.

Lakini fundi alikuwa na ugonjwa wa kazi yake: alichokichonga aliamini hakifutiki. Neno lile likawa amri. Muuguzi akichelewa, hakuuliza. Asipopiga simu, hakununa. Na muuguzi alipopata kazi hospitali ya mbali, fundi, aliyetamani kujilaza kizingitini asipite, alisema tu:

"Nenda, mpenzi. Ni bahati yako."

"Huna la kuongeza?"

"Safari njema."

Muuguzi akamtazama kama anayetafuta mapigo kwenye mkono uliopoa. Akaenda.

Fundi alikonda. Mwishowe uzalendo ukamshinda, akapiga simu.

"Rudi, laazizi. Nakutaka hapa. Sitaki bahati yako, nakutaka wewe."

"Fundi wangu, ungeyasema hayo pale mlangoni, ningefungua begi palepale."

"Na sasa?"

"Sasa kuna mtu ananinunia nikichelewa."

Jioni hiyohiyo mlango wa fundi ukagongwa. Muuguzi huyo! Kalowa chapachapa, begi mkononi, machozi, vicheko, pete...

Haya, haya, msinikodolee macho. Hakugonga mtu. Fundi alikaa akiutazama ule mlango hadi giza likaingia, nami sikuwa na moyo wa kumwacha hivyo.