Mtu wa Leso Begani

Gunia la ndengu lilimpasukia Ndanu katikati ya soko la Machakos, saa nne asubuhi, watu wakiwa tele. Wengi walizikanyaga wakapita. Kijana mmoja mrefu, mwenye shati la samawati lililopigwa pasi, ndiye aliyepiga magoti akazichota kwa viganja.

"Asi! Suruali yako itachafuka," Ndanu alimwambia.

"Itafuliwa. Gauni lako hilo la kijani likichafuka, soko lote litalia."

Ndanu alicheka hadi akajishangaa. Ulikuwa mwaka mzima hajasikia sauti ya kicheko chake.

Kijana aliitwa Justus, fundi wa simu. Wakawa wanapigiana simu kila jioni.

"Umekula, mwendwa wangu?"

"Nimekula. Na usiniite mwendwa nikipimia wateja, napunja watu."

Lakini siku moja wakinywa chai, Justus alipotaka kumpeleka kwa mama yake, Ndanu alitikisa kichwa.

"Tafuta mwingine. Mimi sizai tena."

Akamweleza habari za Mutheu, mtoto wake wa miezi minane, aliyekata pumzi mikononi mwake. "Nilimmwagia maji kichwani. Nikampuliza utosini, vile nimeona wengine wakifanya. Nikamtikisa. Majirani wakaomba. Hakuna aliyejua kitu, Justus, na mimi ndiye nilikuwa mama yake."

Justus alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Baada ya hapo simu ya Justus ikawa inazimwa kila Jumamosi. Kavindu, muuza nyanya wa meza ya pili, akaja na habari.

"Dada, huyo wako ako na mtoto mahali. Nimemwona Mumbuni, leso begani, akiingia kliniki na wamama."

Jioni Ndanu alipiga simu. "Jumamosi huwa wapi?"

"Kuna kitu nafanya."

"Kitu cha kubeba leso?"

"Nitakuambia, mwendwa. Si kwa simu."

Ndanu akakata. Wiki mbili hakupokea simu yake, na usiku alilala akitazama ukuta.

Jumamosi ya tatu alikwenda mwenyewe. Katika ukumbi wa kliniki, wanawake walikuwa wamekaa mkekani na watoto mapajani. Katikati yao, mwanamume peke yake, Justus alikuwa amepiga magoti mbele ya mdoli wa mpira aliyelazwa juu ya leso.

"Umeshuka sana," muuguzi Peris alimwambia. "Katikati ya kifua, chini kidogo ya chuchu. Vidole viwili. Bonyeza mara thelathini, halafu pumzi mbili ndogo, mdomo wako ufunike mdomo na pua yake."

Justus alihesabu, jasho likimtiririka. Kufika kumi na tisa akapotea. Mama mmoja akaanza kumhesabia taratibu, wengine wakamfuata, hakuna aliyemcheka.

Alipoinua uso akamwona Ndanu mlangoni.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka nijue kwanza kumrudishia mtoto pumzi. Wiki tano hizi, kila mara nashindwa. Ningekuambia nini?"

Ndanu alimgeukia Peris. "Na mtu akijua, mtoto anapona?"

Peris hakumdanganya. "Wakati mwingine hapana, mwanangu. Unamtuma mtu aite usaidizi, na unaendelea mpaka usaidizi ufike."

Mama mmoja alisogeza mtoto wake, akampa nafasi mkekani. Ndanu akapiga magoti. Vidole vyake vilisimama juu ya kifua kile cha mpira, vikakataa kushuka. Justus hakumharakisha.

"Siwezi," alinong'ona.

"Hata mimi siwezi. Tukae tu."

Wakakaa. Kisha Ndanu akavishusha vidole.

"Nihesabie. Lakini kwa mama yako bado."

"Bado. Moja, mbili, tatu..."

"Haraka kidogo," Peris akasema.

Walipofika thelathini Ndanu aliinama kutoa pumzi, machozi yakamtangulia, yakaanguka usoni kwa mdoli na kwenye leso. Mdoli akabaki vile vile.

"Jumamosi ijayo utakuja?" Justus aliuliza.

"Nitakuja," Ndanu alisema, akijifuta kwa kiganja. "Ulete leso nyingine. Hii nimeilowesha."