Akaunti ya Marehemu

Walikutana wiki ya usajili, maktaba ya chuo imefurika wanafunzi hadi mlangoni. Mkutubi, mgeni pale chuoni, gauni la kijani na miwani juu ya nywele, alikuwa akizunguka kwenye kompyuta akiwaonesha watu namna ya kutafuta makala kwenye hifadhidata. Kwenye kompyuta ya dirishani alimkuta fundi wa maabara, mrefu ndani ya koti lake jeupe, kaziba kona ya skrini kwa kiganja.

"Unaficha nini hapo, kaka?"

"Naficha aibu. Sijui hata pa kubonyeza."

"Toa mkono basi nikuoneshe."

Hakuutoa. Mkutubi akacheka, akamwonesha hivyohivyo.

Mapenzi yakaanzia hapo. Kila Jumamosi asubuhi fundi alirudi kwenye kompyuta ileile, na mchana wakatoka pamoja. Simu zikawa hazikatiki. Alimweleza kwamba mkewe, mkufunzi wa uuguzi hapohapo chuoni, alifariki miaka miwili iliyopita kwa ugonjwa wa figo. Mkutubi alimwamini, akampenda kupita kiasi.

Kisha ikafika siku ya kufunga akaunti za walioondoka. Kila moja huangaliwa kwanza ilifunguliwa lini mara ya mwisho. Alipofika kwenye jina la marehemu mke wa fundi, aliisogelea skrini. Ilifunguliwa wiki iliyopita. Na wiki ya kabla yake. Miaka miwili mfululizo, mada ni moja tu: figo.

Maiti hatafuti makala. Basi mke yu hai, anaumwa mahali fulani, na huyu mwanamume anamchezea shere! Hasira haikumpa nafasi ya kufikiri zaidi.

Fundi alipopiga, simu ililia mara sita ndipo mkutubi akapokea.

"Kipenzi, mbona umeninunia?"

"Msalimie mkeo."

"Mke gani tena?"

"Huyo uliyemzika, na bado anasoma!" Akakata.

Jumamosi saa nne, saa ambayo akaunti ile hufunguliwa, mkutubi alikaa mezani kwake, orodha ya watumiaji mbele yake, amvizie huyo mke. Jina likawaka. Yumo ndani ya maktaba, kompyuta ya dirishani. Aliinuka. Akaenda hadi dirishani.

Fundi alikuwa peke yake. Safari hii aliuinua mkono. Skrini ilimsalimu marehemu kwa jina: una makala mpya moja.

"Mke wangu aliiagiza hifadhidata imjulishe kila kinachoandikwa kuhusu ugonjwa wake," alisema. "Hakuna aliyeiambia kwamba amekufa. Kila wiki inamwita. Naogopa ikimwita asiwepo wa kuitika."

Mkutubi alilia waziwazi. "Si ungeniambia, mpenzi wangu?"

"Nikuambie napokea barua za marehemu? Ungekaa?"

"Ningevuta kiti."

Akavuta kiti. Waliisoma makala yote kwa sauti, mpaka kwenye tiba mpya iliyoanza kuleta matumaini. Fundi alifuta macho.

"Imechelewa. Akaunti ifunge wewe, mimi siwezi."

Mkutubi akaifunga. Kisha akamletea fomu ya akaunti mpya, ya jina la fundi mwenyewe. Penye mtu wa karibu fundi aliandika namba ya mkutubi kwa kichwa. Penye uhusiano akaandika: mchumba.

"Nimedanganya?" aliuliza.

Mkutubi alisoma mara mbili, akapiga muhuri.

Jumamosi iliyofuata, saa nne, walikuwa wamekaa pamoja mezani. Kwa mazoea ya saa ile ya makala mpya, wote wakageukia dirishani. Hakuna aliyeikalia ile kompyuta.