Sampuli Namba Kumi na Nne

Walikutana soko la nafaka, siku ya mnada, wapagazi wakipiga kelele za kuomba njia. Binti wa maabara, gauni lake la bluu limejaa vumbi la pumba, alikuwa akiomba konzi moja ya ngano kutoka kila gunia.

"Bibie, konzi moja utapika nini?" aliuliza muuza mbegu mmoja, kijana mrefu, viatu vinang'aa kana kwamba hajui yupo sokoni.

"Sipiki. Naotesha, nasaga majani, natazama vinasaba. Nataka kujua ngano zipi ni ndugu."

"Basi na mimi nipime. Nihakikishe sisi si ndugu."

Binti alicheka kabla hajajizuia. Mvua hazijakwisha, wakawa wanapigiana simu asubuhi na jioni, na habari za posa zikaanza kutajwa.

Baba yake kijana alikuwa mkulima. Miaka ishirini na miwili alikuwa akichanganya aina za ngano ili azalishe yake mwenyewe, na sasa alitaka isajiliwe kwa jina lake kabla macho hayajamzimika kabisa. Akaipeleka maabara. Huko sampuli hubandikwa namba tu, mpimaji asije akampendelea mtu. Binti alipima arobaini. Mistari ya vinasaba ya namba kumi na nne ililingana, mmoja baada ya mwingine, na ya ngano kongwe inayolimwa kila mahali. Akaandika: si aina mpya.

Siku ya tatu simu ikalia.

"Kumi na nne ni ya baba," kijana alisema kwa sauti kavu. "Ulikuwa unacheka na mimi huku unamzika mzee?"

"Sikujua, mpenzi. Haki ya Mungu, niliona namba."

"Basi ulichanganya majani."

"Njoo uone nikirudia."

Alikuja, akasaga jani kwa mkono wake. Mistari ikatoka ile ile.

"Mzee alikuwa akipaka chavua wakati gani?" binti aliuliza taratibu.

"Ua likifunguka."

"Ngano hujichavusha kabla halijafunguka. Alichelewa, mpenzi. Kila mwaka alichagua watoto wa mama yule yule."

Kijana akamwomba radhi. Baada ya wiki mbili akarudi, amekonda.

"Baba anasema uandike ni mpya. La sivyo, posa haiendi."

"Na wewe?"

"Nimetumwa tu."

"Wakulima watapanda wakidhani wamechanganya aina. Ugonjwa wa kutu ukiingia, mashamba yote yataanguka pamoja. Siandiki."

"Nilijua. Ungekubali ningekuoa, na nisingekuamini tena."

"Basi baki."

"Baba haoni tena, mpenzi. Hana mwingine wa kumshika mkono shambani."

Binti alimfunga kifungo cha juu cha koti, kama mke amfanyiavyo mume anayesafiri, akamfungulia mlango.