Mume Wangu Aliapa Kwamba Mimi Ndiye Niliyesema "Pandisha"

"Ni muke yangu. Yeye njo alinipatia ishara ya kupandisha."

Hivyo ndivyo mume wangu alivyosema mbele ya watu saba, huku mkono wake wa kuume ukiwa juu ya Biblia ambayo hakuna mtu aliyemwomba aishike.

Hakunitazama... Aliitazama meza.

Jamani, nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwake. Shati alilovaa nilikuwa nimelipiga pasi mimi mwenyewe asubuhi ile ile!

Naitwa Tshala, niko hapa Kamina. Najua wengine mmeshaisikia habari hii kutoka kwa watu ambao hata hawakuwepo, na mmeipamba kwelikweli. Leo isomeni kwangu mimi.

Kazi yangu ni kupiga ishara.

Mnacheka? Hata mama mkwe alicheka.

Kreni ikinyanyua mzigo, dereva amekaa juu kwenye kibanda chake na mara nyingi haoni mzigo umefungwaje. Macho yake ni mimi. Nikizungusha mkono mmoja juu ya kichwa, anapandisha. Nikielekeza kiganja chini, anashusha. Nikiinua mikono yote miwili, viganja wazi, kila kitu kinasimama, hata kama askofu anapita.

Nilisomea kazi hiyo Lubumbashi miezi minne. Nina breveti yangu, yaani cheti cha kazi, na mwanamke mwingine mwenye nayo hapa mjini simjui.

Na dereva wa kreni yetu alikuwa nani?

Séraphin. Mume wangu wa ndoa ya kanisani, mwaka wa sita sasa.

Pale dipo, kwenye yadi ya mizigo ya stesheni, walitutania hadi tukazoea. Walisema Séraphin ndiye mwanaume pekee wa Kamina anayemtii mkewe kutwa nzima mbele za watu. Naye alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa naona raha, sitawaficha.

Sasa subirini. Kiongozi wa timu yetu alikuwa Papa Kabwe.

Papa Kabwe ni baba yangu mzazi.

Baba alifanya kazi ya reli miaka thelathini na minne, akastaafu. Kampuni ya kutandaza kebo ilipofika mjini ilimchukua kwa sababu anaijua stesheni kuliko anavyoijua nyumba yake. Ni mtu mzuri, mkristo, hanywi. Ila ana ugonjwa mmoja wa watu wa reli wa zamani: hawezi kuvumilia treni ichelewe kwa sababu yake. Nyumbani tulikula kwa saa ya treni. Nilipozaliwa, mama anasema, baba alikuja hospitali baada ya kupitisha treni ya mizigo kwanza.

Na Séraphin kwake ni mkwe.

Wasomaji wa mbali huenda msinielewe hapo. Kwetu sisi Baluba mkwe hambishii baba wa mkewe. Séraphin hajawahi kula sahani moja na baba. Wakikutana njiani, Séraphin ndiye anayesogea pembeni, anainamisha kichwa, anangoja apite. Nilimpenda kwa heshima ile. Nilijiona nimepata mwanaume mwenye malezi.

Nilikuwa sijui heshima hiyo hiyo itanifanya nini.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua limeshawaka. Tulikuwa tunashusha bobini tatu kutoka kwenye behewa. Bobini ni yale magurudumu makubwa ya mbao yanayozungushiwa kebo, mmeyaona pembeni ya barabara, mafundi wakimaliza kebo watu wanayageuza meza za baa. Ila zetu zilikuwa na kebo ndani. Kila moja tani nne.

Bobini hainyanyuliwi ovyo. Unapitisha mtaimbo mnene wa chuma kwenye tundu la katikati, utokeze huku na huku. Kila upande unafunga kamba ya chuma. Juu kunakuwa na boriti inayozitanua hizo kamba ili zisizibane mbao zikavunjika. Halafu kwenye kila ncha ya mtaimbo unachomeka pini, kubwa kama kidole gumba, ili kamba isiteleze ikachomoka.

Pini ikikosekana, hatunyanyui. Hata kwa dakika moja. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa.

Anayefunga kamba na kuchomeka pini alikuwa Numbi. Kijana mpole wa Kabongo, baba wa watoto wawili, mtu wa kuimba imba kazini.

Bobini mbili zilishuka salama kabisa. Kisha treni ya kwenda Lubumbashi ikaingia. Ilikuwa ije kulichukua behewa letu likiwa tupu.

Ikapiga honi.

Baba akaanza. Akawa anatembea huku na huku, anatazama saa, anatuambia tuharakishe, tunamtia aibu mbele ya wenzake wa zamani. Honi ya pili ikalia. Akamfokea Numbi kwamba kufunga kamba si kusuka nywele.

Numbi akafunga haraka haraka, akaruka chini.

Nikampa Séraphin ishara akaze kamba kidogo tu. Huwa tunafanya hivyo: kamba zinakaza, bobini bado imekaa, tunasimama, tunakagua. Nikazunguka kuangalia.

Upande wa kushoto hapakuwa na pini!

Na kamba ilikuwa imeshaanza kusogea kuelekea kwenye ncha.

Nikainua mikono yote miwili. Viganja wazi. Nikamtazama Séraphin kupitia kioo cha kibanda, naye akanitazama. Kreni ikatulia. Nikashusha pumzi.

Numbi akapanda juu ya behewa, akaenda kwenye upande ule wa kushoto.

Honi ikalia mara ya tatu.

Halafu nikasikia injini ya kreni inakaza sauti... Mikono yangu bado iko juu, jamani, sijaishusha, na bobini inapanda!

Kamba ya kushoto ikachomoka. Bobini ikalala upande, ikajiviringisha, ikambana Numbi kwenye ubavu wa behewa. Nilisikia mfupa kabla sijamsikia yeye.

Nikageuka nyuma.

Baba yangu alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yangu. Mkono wake ulikuwa bado juu ya kichwa, unazunguka.

Numbi alivunjika mguu sehemu mbili. Siku iliyofuata alipelekwa Lubumbashi kupasuliwa, hajitambui kwa maumivu. Vibarua wengine wawili walikuwa upande wa pili wa behewa, hawakuona kitu. Walioona ni watu wanne tu: mimi, baba, mume wangu, na huyo aliyekuwa chini ya bobini.

Tume ikaitishwa wiki ile ile. Aliyeiongoza ni Ingénieur Mbuyi, mhandisi mgeni kwetu, mtu wa kuuliza swali moja mara tatu. Mimi sikuwa na wasiwasi. Nilisema nilichokiona, nikamtaja baba yangu kwa jina, na iliniuma kumtaja.

Baba akaulizwa. Akasema yeye alikuwa anatazama treni, hakuinua mkono wowote.

Nikajiambia sawa, mzee ameogopa. Kuna Séraphin. Séraphin aliniona kwa macho yake.

Séraphin akasimama, akaweka mkono kwenye Biblia... Mengine mmeshayasoma pale juu.

Breveti yangu ikachukuliwa hapo hapo. Kikao cha pili kingekaa baada ya wiki tano, na kama hakuna jipya, ningefutwa moja kwa moja, nisiguse kazi ya kreni tena popote.

Nyumbani nilimuuliza Séraphin neno moja tu, kwa nini. Akasema nimpe muda. Nikampa shuka na mto, nikamwonyesha njia ya kwa kaka yake.

Wiki tano zile, ndugu zangu, nilitembea Kamina kama mtu aliyeua. Mke wa Numbi alinikuta bombani, akabeba beseni lake likiwa nusu, akaondoka bila salamu. Simlaumu. Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi kuliko mabenchi yote. Aliyeniamini ni mama yangu peke yake. Alimpikia baba bukari, ugali wetu, bila mboga siku nne mfululizo, na baba akala bila kuuliza.

Usiku nilikuwa nainua mikono kitandani, najipima. Nilianza kujiuliza kama kweli niliiinua siku ile. Uongo wa mtu unayempenda ni mbaya hivyo. Unafika mahali unamwamini yeye kuliko macho yako.

Siku ya kikao cha pili ikafika. Watu walewale, meza ileile. Ingénieur Mbuyi alikuwa ameshashika kalamu.

Mlango ukafunguliwa. Numbi!

Amekonda, yuko kwenye magongo mawili, mguu una vyuma. Alikuwa amerudi na treni ya asubuhi, akaja kuchukua karatasi zake za matibabu. Hakuna aliyemwita. Ingénieur akamwambia akae, kwa kuwa ameshafika, naye aseme alichoona.

Nikainamisha kichwa. Nilijua amekuja kunimaliza.

"Mama Tshala nilimuona," Numbi akasema. "Mikono yake yote mbili ilikuwa juu. Njo maana niliingia."

Ingénieur akamwambia arudie.

"Pini ilikuwa ku mufuko yangu. Nilisahau kuitia, Papa Kabwe alikuwa anatukimbiza sababu ya treni. Nikaona mikono ya Mama iko juu, nikajiambia kreni imesimama, niko na wakati ya kuitia. Kama hangepandisha mikono, miye singepanda."

"Na ishara ya kupandisha ilitoka kwa nani?"

"Kwa Papa. Alikuwa nyuma ya mutoto yake."

Sikulia kwa furaha. Nisikilizeni vizuri hapa. Nililia kwa sababu nilielewa.

Mtu yule aliingia pale kwa sababu aliniamini mimi. Ishara yangu ilikuwa sahihi, na ndiyo iliyompeleka chini ya tani nne, kwa kuwa aliye juu kwenye kibanda aliidharau. Bora nisingeinua mkono kabisa, angebaki chini akiimba zake.

Na yeye angeweza kunyamaza. Kusema kweli kulimaanisha kukiri kwamba pini aliisahau yeye. Akakiri. Mtu wa magongo alikuwa na ujasiri ambao mume wangu mwenye miguu miwili hakuwa nao.

Breveti yangu ikarudishwa. Ya Séraphin ikachukuliwa. Baba akaambiwa apumzike nyumbani, akavaa kofia yake, akatoka. Mlangoni alisimama karibu nami. Nilidhani atasema kitu. Akauliza kama treni ya saa nane imeshapita.

Nikamjibu kwamba sijui.

Jioni Séraphin akaja. Nilimfungulia, sikumkaribisha kiti.

"Nilikuona," akasema. "Mikono yako niliiona muzuri."

Nilibaki nimeushika mlango.

"Na papa nilimuona. Ni mukwe yangu, Tshala. Mbele ya batu ningemukatalia namna gani?"

Nikamwambia hilo la kreni nalielewa, ni sekunde moja, mtu anaweza kukosea. Lakini kwenye tume hakukuwa na sekunde. Alilala siku tatu, akaamka, akanywa chai yangu, akavaa shati langu la pasi, akaenda kusema uongo. Kwa nini mimi? Kwa nini asimtaje baba, au hata ajitaje mwenyewe?

Aliponijibu hakuwa na hasira wala hila. Alisema kama mtu anayeeleza kitu cha kawaida kabisa.

"Sababu weye utanisamehe. Yeye hawezi kunisamehe hata siku moja."

Someni tena hiyo sentensi.

Hakunichagua kwa sababu ananichukia. Alipima watu wawili, akaona mmoja atamkasirikia maisha yote, mwingine atalia na kupoa. Akamtwisha huyo wa kupoa. Wema wangu wote wa miaka sita, kumbe alikuwa anaupigia hesabu!

Sasa nina mambo mawili ya kuwaambia, kisha niwaache.

Kwa wenzangu wa kreni: mikono miwili ikiinuka, simama. Hata aliyeinua akiwa mpishi wa kambi. Hata nyuma yake akiwa amesimama baba mkwe wako, na treni inapiga honi. Maana kuna mtu ambaye ameshaiamini ile mikono, na ameshaingia.

Na kwa wenzangu wa nyumbani: mwangalieni yule anayewaumiza nyinyi kila mara ili asimuudhi mwingine. Huyo hakosi mapenzi. Amewazoea.

Mimi niko kazini. Dereva mpya simjui sana, hatutaniani, anasimama ninapomwambia simama.

Séraphin anakuja kila Jumapili baada ya misa. Anakaa kwenye ngazi, ananiuliza kama nimeshamsamehe. Jibu langu ni moja kila wiki: aende kwanza kwa Numbi, akamuulize yeye, halafu arudi kwangu.

Nyumba ya Numbi iko mtaa wa tatu kutoka hapa. Mpaka leo hajafika.