Picha Zinazofanana

Simu yangu ilijaa siku ya Jumatatu. Kufikia Alhamisi ilikuwa inajizima yenyewe.

Nilishafuta nyimbo. Nilifuta programu, nikasafisha kache, nikafuta salamu zote za asubuhi za kundi la ukoo. Kila nilipopata nafasi, baada ya saa moja ilijaa tena. Hakuna aliyepiga picha. Hakuna aliyetuma kitu.

Zilibaki picha za mapacha wangu wa kufanana, elfu nne na ushee. Kasuku, aliyeanza kuongea kabla ya kutembea, na Kimya, ambaye jina lake linajieleza. Kasuku alikufa kwa homa mwaka jana, akiwa na miaka sita. Picha zake hazipo mahali pengine popote. Simu ile ikifa, nitakuwa nimemzika mara ya pili.

Alhamisi jioni nilifunga cherehani, nikapitia kwenye jengo la mafundi simu. Wengi walikuwa wanafunga. Wa kwanza aliitazama, akacheka.

"Mama, simu imeshiba kuliko mwenyewe. Dawa yake ni kufuta yote, ianze upya."

"Na picha?"

"Si utapiga nyingine?"

Nikaichukua simu yangu, nikaendelea mbele.

Mwisho wa korido mlango mmoja ulikuwa wazi. Ndani aliketi mwanamume aliyevaa koti, mbele ya taa ya mezani. Chumba kilinuka udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Pangaboi lilizunguka. Karatasi zilizokuwa chini yake hazikutikisika.

Nilipaswa kuondoka. Lakini mfa maji haachi kutapatapa.

"Picha za mwanangu zisipotee," nikasema.

"Kwangu hakipotei kitu," akanong'ona. "Wako wangapi?"

Simu ilikuwa bado mkononi mwangu, imezima. Sikuwa nimemwonyesha chochote.

"Wawili. Mmoja... hayupo."

Akaipokea. Ikawaka kabla hajagusa kitufe.

"Zipo zinazofanana. Nikiacha moja moja, nafasi itapatikana. Nifute?"

Kila fundi huuliza hivyo. Ukimpiga mtoto picha unabonyeza mara tano, maana hatulii. Nilidhani anasema hizo.

"Futa."

"Nifute zinazofanana?"

"Futa, kaka. Nimechelewa."

"Zinazofanana... nifute?"

"Futa!"

Kidole chake kiligusa kioo mara moja. Mahali fulani ndani ya chumba kile, mtoto alivuta pumzi.

Hakuitoa.

Niliinyakua simu, nikakimbia hadi nyumbani. Kabla sijafika mlangoni nikasikia mtoto anaongea ndani, anauliza, anajijibu, anacheka. Tangu tumzike dada yake, Kimya hajawahi kuunganisha maneno matatu.

Mlango ukafunguliwa.

"Mama! Umechelewa, baba ameunguza chakula, nimemwambia zima jiko hasikii, yeye na redio yake tu. Mama, mbona unanitazama hivyo?"

Kasuku.

Akanikumbatia. Alikuwa na joto. Nywele zake zilinuka udongo mbichi.

"Kimya yuko wapi?" nikamuuliza mume wangu.

Aliweka mwiko chini taratibu. "Mama Kasuku," akasema kwa sauti ya chini, "tafadhali. Si mbele ya mtoto."

"Yuko wapi?"

"Tulimzika mwaka jana. Gauni alilozikwa nalo ulishona wewe."

Nilijifungia chumbani na simu. Nafasi ilikuwa tele. Kila picha ilikuwa na mtoto mmoja, anayecheka. Nikafungua sehemu ya vilivyofutwa. Picha elfu mbili. Juu yake: zitaondolewa kabisa baada ya siku thelathini.

Kimya alikuwa peke yake katika kila moja, ananitazama.

Nikabonyeza kurudisha.

Nafasi haitoshi. Futa faili nyingine kwanza.

Nikafuta programu zote zilizobaki. Nikafuta namba za watu. Maneno yaleyale.

Ijumaa nilirudi kwa yule fundi. Alikuwa palepale, na koti lake.

"Nilikwambia hakipotei kitu," akanong'ona. "Yupo. Anasubiri. Ila nafasi ni ya mmoja, mama. Futa wa juu, wa chini atarudi."

Nilimpigia magoti. Nilimwambia anifute mimi. Akatikisa kichwa.

"Wewe hufanani na mtu."

Leo ni siku ya ishirini na saba. Kasuku anakula vizuri, anaimba bafuni, amemfanya baba yake acheke tena. Kule kwenye vilivyofutwa, Kimya anazidi kusogea karibu na kioo. Tangu juzi midomo yake inacheza. Simu haitoi sauti. Nimejaribu kuisoma midomo hiyo. Ni neno moja, lile nililomwambia fundi mara tatu.

Asubuhi hii nilikuwa nimekaa kitandani, nimeishika. Kasuku akaingia, akasimama mbele yangu. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, hakuwa na la kusema. Sikuwa nimemwambia kitu. Wala baba yake hajui.

Akaweka kiganja chake juu ya kioo, polepole.

"Mama," akanong'ona, "kule ndani hakuna pa kulala."